Sikukuu ya Nani

Nilikwenda dukani na jibu mdomoni.
Nililibeba tangu Jumapili,
tangu Mwinjilisti Lugembe apige mimbari pale Kitangiri akisema,
"Wakikuambia heri ya sikukuu, waulize, ya nani?
Nani kati yenu huchangia harusi
ambayo kadi yake haina jina la bwana harusi?"
Tulicheka. Mama Ng'washi alipiga kigelegele.
Mimi nikalikunja lile neno
nikalifunga kwenye pindo la khanga, pamoja na nauli.

Tarehe ishirini na nne, Barabara ya Rwagasore.
Mvua ilikuwa imekatika, maji yakishuka kutoka kwenye mawe ya mlimani
na maganda ya embe na kandambili moja ya mtoto.
Ndani ya duka, baridi ya mashine.
Dirishani wametandaza pamba, eti theluji.
Pamba!
Marehemu baba aliichuma Kwimba mpaka vidole vikachanika,
akakopwa, akafa akidai.
Leo imelala chini ya mti wa plastiki
na kwenye kila tawi inaning'inia bei.
Nikatafuta hori. Nikatafuta mtoto.
Nikaona kondoo mmoja, naye alikuwa sabuni.

Basi nikafika mbele na mchele wangu, mafuta, mdalasini.
"Heri ya sikukuu, mama."
Nikafungua pindo.
"Sikukuu ya nani, mwanangu?"
Nilisema kwa sauti, foleni isikie.
Foleni ikasikia.

Binti akainua macho. Kifuani kibandiko: LEOKADIA.
Uzi wa rozari ulichungulia kwenye kola ya sare.
"Ya kwenu, mama," akajibu.
"Mimi kesho naingia saa moja asubuhi, natoka saa mbili usiku."
Hakuwa na hasira. Alitamka kama anayesoma bei.
Kisha kwa kidevu akanionyesha karatasi kando ya mashine,
salamu imeandikwa kwa herufi kubwa
na chini yake: atakayekosea, elfu tano.

Nilipokea chenji.
Jibu langu likabaki kooni, mwiba wa sato,
ule mdogo, usioonekana,
usioshuka hata kwa tonge la ugali.

Siku yenyewe, kanisani, Mwinjilisti aliuliza
nani alilitetea Jina.
Mikono ikapanda. Wangu niliukalia.
Mahubiri sikuyasikia, nilikuwa nahesabu:
sasa ni saa tano, amebakiza saa tisa.

Mchana nikapakua wali na sato wa kukaanga,
kichwa nikampa yeye
(kichwa, ndiyo, na Mzee Bulugu alininunia mpaka jioni),
nikafunga hotipoti kwa kitambaa, nikashuka mjini.
Mlinzi alinizuia mlangoni.
"Chakula hakiingii, mama. Ya nani hii?"

Ya nani.

Ziwani upepo ulikuwa umeamka, unanuka dagaa na magugu,
korongo wamesimama juu ya bati
kama wazee wa kanisa wanaohesabu sadaka.
"Ya Leokadia," nikasema.

Sikubadilika, msinielewe vibaya.
Jina lina mwenyewe na mimi nitalitaja;
kadi isiyo na bwana harusi sichangii mpaka leo.
Ila kupitia kioo, juu ya ile pamba ya baba,
niliona midomo yake ikitembea kwa kila mteja,
maneno yale yale matatu,
na hotipoti chini ya kiti cha mlinzi, kando ya viatu vyake,
ikipoa.